Simu ya mama inadai akaunti ya zamani baada ya kurisiti, naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Mama alisahau patani ya simu yake ya Android, nikairisiti (kufuta kila kitu ianze upya) kwa vitufe vya pembeni. Sasa inadai akaunti ya Google iliyokuwamo. Alifunguliwa na kijana wa dukani siku anainunua; barua pepe hatuijui, na laini aliyoisajilia ilipotea. Risiti ya manunuzi na boksi lenye IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ninavyo.

Najua ulinzi huu umekuwepo tangu Android 5.1, unazuia wezi, na ni jambo jema. Fundi anataka 30,000 aivunje hiyo loki, lakini naogopa: humo ndimo mama anapokelea hela ya dawa.

Nikirudisha kwanza laini kwa alama za vidole, akaunti itapatikana kwa namba na jina? Na nikibadili nywila, ni lazima nisubiri saa 24? Aliyepitia hili anisaidie tafadhali.