Imeili za wageni hazifiki kwenye skripti, Postfix inazirudisha

mwana_shela: Assalaam aleikum wakubwa. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Shela, Lamu. Mgeni akitua uwanja wa ndege wa Manda, kisiwa cha pili, lazima boti imngoje gatini, avuke. Saa ya ndege wananiandikia kwa imeili, na mimi mchana mara nyingi niko juu naezeka makuti. Juzi mama na wanawe wamekaa gatini saa nzima, imeili yao nikaiona magharibi.

Nikaandika skripti (programu fupi) ya Python isome imeili, itoe tarehe na saa, imtumie nahodha SMS. Seva ni Ubuntu, na programu ya kupokea barua ni Postfix. Kwenye /etc/aliases, faili ielekezayo barua ya kila jina iende wapi, nimetia:

wageni: "|/root/pokea.py"

nikapiga newaliases ili Postfix iyasome mabadiliko. Nikiiendesha kwa mkono yaenda vizuri. Imeili ikija, inarudi kwa aliyeituma. Siku ya tatu hii.

bahari_kuu: Tuwekee mistari ya /var/log/mail.log, logi ya barua (kumbukumbu za seva). Bila logi tunapiga ramli.

mwana_shela: status=bounced (imerudishwa), halafu "Permission denied" (huna ruhusa). Na nimeshaipa chmod 777, ruhusa zote kwa kila mtu!

fundi_langoni: Ndugu yangu, ukijaribu kwa mkono wewe ni root, mkuu wa seva mwenye ruhusa zote. Postfix haiendeshi amri za aliasi kwa jina la root. Faili ya aliasi ikiwa ni mali ya root, amri huendeshwa kwa jina la nobody, mtumiaji asiye na mamlaka, na nobody hana ruhusa ya kuingia /root. Chumba umekiacha wazi, lango la nje limefungwa. Hamishia skripti /usr/local/bin, ipe 755 (wengine waisome na kuiendesha, wasiigeuze), urekebishe njia kwenye aliasi, kisha newaliases tena. Hiyo 777 itoe leo leo, yeyote aliye ndani ya seva aweza kuigeuza atakavyo. Halafu jaribu:

sudo -u nobody /usr/local/bin/pokea.py < barua.txt

Ikigoma hapo, usiilaumu Postfix.

mwana_shela: Alhamdulillahi, imepita! Nahodha kanipigia kuuliza ni mgeni gani huyo atuaye saa tisa usiku, kumbe ni barua yangu ya majaribio. Ila jana huduma ya SMS haikupatikana, skripti ikaanguka, na mgeni akarudishiwa imeili yake na makosa ya Python yote ndani. Nimeona haya.

bahari_kuu: Python ikianguka hutoka na namba 1, yaani kosa, na Postfix huona ndiyo basi tena, inairudisha barua na kila ilichokiandika skripti. Kamata kosa, kisha toka kwa sys.exit(75). Hiyo 75 humaanisha "jaribu tena baadaye". Barua hukaa foleni, kwa kawaida hadi siku 5.

fundi_langoni: Angalia na mapumziko kati ya majaribio. Huanzia sekunde 300 na huweza kufika 4000, yaani zaidi ya saa moja, na mgeni yuko juani. Shusha maximal_backoff_time, kikomo cha mapumziko hayo, kwenye main.cf, faili ya mipangilio ya Postfix. Tena maneno ya mgeni usiyapitishe kwenye os.system, ambayo huyaendesha maneno kama amri za seva, mtu akiandika amri badala ya jina lake utajuta.

mwana_shela: Nimeweka sekunde 600, na os.system nimeitoa. SMS zaenda. Nahodha kasema yeye hata hivyo nimpigie simu.