Mpango wa afya kazini: watu wananikwepa, nimekosea wapi?

Katibu_Asiyeomba

Wakuu, salaam. Mimi ni karani wa mishahara, lakini tangu mwanzo wa mwaka nimebebeshwa ukatibu wa kamati ya afya ya wafanyakazi. Sikuomba. Nilitoka kikaoni kupokea simu, niliporudi nikakuta jina langu limeshaandikwa ubaoni.

Tuko 84. Tulianza na shindano la kutembea, kupima presha na uzito kila miezi 3, na semina ya msongo wa mawazo saa ya mapumziko ya mchana (ndiyo, tumewanyang'anya watu mapumziko ili kuwafundisha kupumzika, nimeshaambiwa). Shindano lilianza kwa shangwe, watu 61. Wiki ya 6 wamebaki 19, na hao ni walewale waliokuwa wakikimbia alfajiri miaka yote. Kijana mmoja wa stoo aliongoza kwa hatua 31,000 kwa siku mpaka tukagundua kifaa cha kuhesabu hatua anamvalisha mwanawe wa miaka 4. Mimi nilicheka. Zawadi ilikuwa siku moja ya mapumziko, kwa hiyo wenzake hawakucheka.

Kupima ndiko kumekufa kabisa: mara ya kwanza walikuja 40, mara ya pili 11. Na dada mmoja wa upakiaji kanipa yangu: "Kaka, nasimama saa 9 kwa siku, halafu unaniletea shindano la kutembea?"

Mkurugenzi anataka ripoti mwisho wa mwezi ionyeshe gharama za matibabu zimeshuka. Aliyewahi kuendesha kitu kama hiki aniambie ukweli, msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Muuguzi_Kazini

Pole ndugu katibu. Majibu ya vipimo yanakwenda wapi? Nimekaa kwenye zahanati za kazini miaka 14, na nikisikia 40 wamekuwa 11 najua kuna karatasi imeonekana mezani pa mtu.

La pili, mnapimaje? Mtu anatakiwa aketi na kutulia kama dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, asiwe amekunywa kahawa nusu saa nyuma, na asiongee. Nimeona watu wanapimwa wakitoka kupanda ngazi, foleni nyuma yao inasimulia mpira. Akisoma 152/96 anarudi kazini na hofu tu. 140/90 kwenda juu ni ya kufuatiliwa, ila kipimo cha siku moja hakimpi mtu ugonjwa. Kinarudiwa siku nyingine.

Na aliyekutwa na presha ya juu, anaruhusiwa kwenda kliniki bila kukatwa siku? Kama haruhusiwi, ni heri msingempima.

Katibu_Asiyeomba

Muuguzi, umenishika pabaya. Majina, uzito, presha, vyote viko kwenye faili la pamoja la utumishi, na wakuu wa idara wote wanalifungua. Aliyeliweka humo ni mimi. Niliona ndiyo utaratibu mzuri.

Mzee_wa_Takwimu

Hilo faili litoe leo. Mimi nijibu la gharama: usimwahidi mkurugenzi kitu.

Kuna utafiti wa Zirui Song na Katherine Baicker uliotoka 2019 huko Marekani, kwenye kampuni yenye wafanyakazi karibu 33,000. Vituo 20 vilichaguliwa kwa bahati nasibu vikapewa mpango, vingine havikupewa. Baada ya miezi 18, waliopewa walisema wanafanya mazoezi zaidi na kuangalia uzito wao zaidi. Lakini presha, kolesteroli, utoro kazini na gharama za matibabu? Hakuna tofauti ya maana. Chuo Kikuu cha Illinois nao walijaribu kwa wafanyakazi wao karibu 5,000, wakakuta wanaojiunga ni wale ambao tangu mwanzo matibabu yao yalikuwa ya gharama ndogo.

Yaani wale 19 wako.

Zamu_ya_Usiku

Sisi tuliletewa semina ya usingizi saa 8 mchana. Zamu tunatoka saa 12 asubuhi. Nililala humohumo ndani ya semina, nikaandikwa kwamba sikushiriki.

Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walitoa hesabu mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kiharusi iko juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Sasa katibu, wewe unalipa mishahara, saa za ziada unaziona kabla ya mtu yeyote. Nani kwenu anapita 55? Anza na hao. Kwetu kilichotusaidia ni ratiba kutoka wiki 2 kabla, na mtu kutotolewa usiku akaingizwa asubuhi. Hakuna aliyepewa fulana.

Katibu_Asiyeomba

Nimerudi baada ya wiki 3, samahani kwa ukimya.

Faili nimelifuta na nimewaambia watu kwamba lilikuwepo. Lilikuwa tangazo gumu, na wawili bado hawanisalimii. Vipimo sasa vinafanywa na muuguzi wa nje, majibu anapewa mwenyewe mkononi. Mimi napata idadi tu. Safari hii walikuja 27.

Saa za ziada nimezipitia. Watu 7 wanavuka 55, na 5 kati yao ni wa upakiaji, yule dada akiwemo. Nilipomwendea kumuuliza anataka nini hakufikiri hata kidogo: kiti kirefu cha kuegemea na mkeka wa mpira wa kusimamia. Vimefika 6, yeye ndiye aliyevipanga. Kuhusu hizo saa, mkurugenzi kasema "tutaliangalia", na sote tunajua maana yake, lakini namba nimemwachia mezani na nitarudi nazo mwezi ujao.

Shindano nimelifunga. Kijana wa stoo anauliza litarudi lini, mwanawe anakitafuta kifaa chake.