Windows inakataa ufunguo wangu wa SSH

Swali: Wakuu, natunza kompyuta 14 za maabara ya shule: 9 za Ubuntu, 5 za Windows 10. Ubuntu naingia kwa ssh (njia ya kuingia kompyuta nyingine kupitia mtandao) bila nywila, kwa ufunguo, yaani faili la siri linalotumika badala ya nywila. Windows zinang'ang'ania kuuliza nywila, ingawa ufunguo nimeuweka kwenye faili la .ssh\authorized_keys. Siku ya pili hii nahangaika.

Jibu: Akaunti unayoingilia ni ya msimamizi?

Muulizaji: Ndiyo mkuu.

Jibu: Basi hapo ndipo penye tatizo. Kwa wasimamizi, Windows haisomi faili hilo. Ufunguo uuweke kwenye C:\ProgramData\ssh\administrators_authorized_keys, kisha kwa icacls (amri ya kupanga ruhusa za faili) ruhusa zibaki za Administrators (wasimamizi) na SYSTEM (Windows yenyewe) tu. Akibaki mtumiaji mwingine mwenye ruhusa, utakataliwa kimyakimya.

Muulizaji: Zote 5 zimekubali! Asante sana mkuu. Jioni nitazizima nikiwa mezani: shutdown /s /t 0 kwa Windows, sudo poweroff kwa Ubuntu.