Afisa wa wanamaji anapandaje vyeo, na Monduli inaingiaje?

Mdau_Majengo:
Shikamooni wakuu. Kijana kamaliza kidato cha sita PCM hapa Moshi, anataka uafisa wa wanamaji JWTZ, ndoto yake uadmirali. Naambiwa njia inapita Monduli, Arusha, kwenye chuo cha maafisa wa jeshi. Kule kuna bahari gani? Halafu, inakuwaje kapteni wa meli apigiwe saluti na meja wa nchi kavu?

Dira32:
Marahaba. Monduli hafuati bahari, anafuata uafisa: ramani, silaha, kuongoza askari. Akitunukiwa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu anatoka na cheo cha Luteni Usu, cha chini kabisa cha uafisa. Ubaharia unakuja baadaye. Makao makuu ya Kamandi ya Wanamaji yako Kigamboni. Tangazo la ajira alisome lenyewe kila linapotoka, umri na sifa hubadilika. Akiombwa hela ya "kushikiwa nafasi", huyo ni tapeli.

Mzee wa Tezi:
Saluti hiyo ni sawa kabisa. Kwa vyeo vya kibaharia vya mfumo wa Kiingereza, kapteni wa meli ni sawa na kanali, wakati kapteni wa nchi kavu ni sawa na luteni wa meli. Juu ya kapteni wa meli kuna komodoro (brigedia), kisha Rea Admirali (meja jenerali).

Ila asikimbilie nyota. Anapimwa kwanza kwenye zamu. Zamu ni ya saa nne, lakini ile ya saa kumi jioni hadi saa mbili usiku hukatwa vipande viwili, siku ipate zamu saba badala ya sita. Bila hivyo watu walewale wangekesha usiku wa manane kila siku.

Akiwa zamu, meli nyingine ikitokea apime kwa dira, mara kadhaa, iko uelekeo gani kutoka alipo yeye. Uelekeo huo usipobadilika na umbali unapungua, mtagongana. Ikiwa meli kubwa sana, au iko karibu, hata uelekeo ukibadilika hatari ipo. Kosa la wageni ni kugeuza kidogokidogo, digrii tano, tena tano: mwenzake kwenye rada haoni kitu. Ageuze mapema, na ageuze kwa kuonekana.

Mdau_Majengo:
Na Arusha ndiyo basi, akitoka Monduli harudi tena?

Dira32:
Anarudi. Akifika umeja hivi, akichaguliwa, anakwenda Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, Duluti, karibu mwaka mzima, darasa moja na wa nchi kavu na anga. Kule kazi ni kupanga operesheni na kuandika. Mzuri wa usukani asiyejua kuandika hukwama hapo. Makanali na mabrigedia huenda Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi.

Mdau_Majengo:
Duluti hii ya Tengeru?

Mzee wa Tezi:
Hiyohiyo. Ziwa lipo, manowari hakuna.