Naomba ushauri: Boxer yangu ya zamani niiuze bei gani?

Habari za leo wakuu. Nina pikipiki Boxer BM 150 ya mwaka 2017, kadi ina jina langu, haijawahi kupigishwa bodaboda, naendea shamba tu. Injini haijafunguliwa, ila asubuhi ikiwaka inatoa moshi wa bluu kidogo, kisha unakata. Cheni na sproketi ni mpya, tairi la nyuma kipara, siti imechanika. Dalali kaiona, kasema laki nane, na cha juu chake humo humo! Jirani anasema nisishuke chini ya milioni moja na nusu, lakini yeye hanunui. Kwa huo moshi, nibadilishe kwanza ringi za pistoni, au niiuze hivyo hivyo nipunguze bei? Na gharama za kubadilisha umiliki TRA (mamlaka ya mapato) nazibeba mimi au mnunuzi?