Tunalipa ada ya maabara, mota haijawahi kuwashwa

Wakuu, nipo mwaka wa tatu wa shahada ya uhandisi wa umeme katika kampasi ndogo ya chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, na nimevumilia vya kutosha.

Maabara yetu ya mashine ina mota moja tu ya umeme wa njia tatu, ya kilowati 4, kwa darasa zima. Vituo vyake sita vya kufungia nyaya vimeota kutu, kimoja kimekatika, na tangu nifike hapa sijaiona ikizunguka. Mwongozo wa zoezi unatutaka tuiwashe kwa sta, kisha tuihamishie kwenye delta (namna mbili za kuunganisha koili za mota), ili tujionee kwamba mkondo inaovuta kwenye sta ni theluthi moja ya ule wa delta. Tunachofanya ni kupokea karatasi ya vipimo vya waliotutangulia, kubadilisha tarakimu za mwisho na kukusanya ripoti, ambazo husahihishwa na kupewa alama kana kwamba kazi ilifanyika. Huo ni udanganyifu, na tunaulipia kila mwaka, kwa kuwa ada ya maabara imeandikwa waziwazi kwenye stakabadhi.

Likizo iliyopita nilikwenda mafunzo kwa vitendo kwenye mashine ya kusaga na kukoboa. Fundi mkuu, mzee ambaye hakupita chuo kikuu, alinikabidhi kontakta tatu (swichi zinazojivuta kwa umeme), taima na ovaloadi (kinga ya mota isizidiwe na mkondo), akaniambia, "Haya mhandisi, tufungie sta-delta." Milinganyo yote nilikuwa nayo kichwani, lakini nilisahau waya wa kuzuia kontakta ya sta na ya delta zisivute kwa pamoja, na zikivuta pamoja njia zote tatu hugusana. Mzee aliukagua ufungaji wangu kabla ya kuwasha, akanishika mkono na kunionyesha taratibu. Bila yeye tungepiga shoti kubwa, labda na mtu angeungua.

Siwalaumu wahadhiri, mmoja wao huja darasani na maltimita (kipimo cha umeme) aliyoinunua kwa fedha yake. Hasira yangu ni kwa ofisi inayotujibu kila muhula kwamba vifaa vinakuja kutoka kampasi kuu, ilhali kubadilisha vituo vya mota ni kazi ambayo fundi yeyote wa kusuka mota mjini anaiweza. Nchi imejenga Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lenye megawati 2,115, mashine 9 za megawati 235 kila moja. Mtu atakabidhiwaje mitambo kama ile ikiwa hajawahi kuwasha mota ya kilowati 4?

Muhula ujao tuna sehemu ya pili ya somo hilohilo. Safari hii jedwali la vipimo nitaliacha tupu, nitaandika juu yake kwamba mota haikuwashwa, na nitaambatanisha nakala ya stakabadhi yangu. Nawaomba wanafunzi wenzangu wafanye vivyo hivyo.