Tupeane uzoefu: mikwaruzo kwenye miwani, kinachotibika na kisichotibika (Arusha na Moshi)

Kijenge Juu (mwanzisha mada)
Wakuu, kiangazi kimekolea. Vumbi la Kisongo na Ngaramtoni limeshafika hadi ndani ya makabati, na huu ndio msimu ambao miwani nyingi huharibika. Naomba tukusanye hapa yale yaliyothibitika mezani kwa fundi na kazini. Taja kifaa, kiasi, hatua, na kinachoharibika mtu akikosea.

Naanza na utambuzi, maana watu huita "mkwaruzo" vitu vinne tofauti. Osha miwani kwanza, ikauke, kisha igeuze taratibu chini ya taa.

Mstari ambao kucha inakwama ukiipitisha ni mkwaruzo wa kweli. Wavu wa nyufa nyembamba mno, ambazo kucha haizihisi na zinaonekana tu mwanga ukipiga kwa pembeni, ni tabaka la juu lililopasuka kwa joto. Mabaka ambako ule mng'ao wa kijani au wa zambarau umepotea ni AR (tabaka la kuzuia mwanga kuakisiwa) iliyobanduka. Na madoa meupe ya duara ni madini ya maji. Hayo ya mwisho ndiyo pekee yanayotoka kwa kuosha, kwa hiyo hakikisha kabla hujaenda kununua lenzi mpya.

Fundi Lenzi
Mkuu umeanza vizuri. Niongezee upande wa warsha.

Mkwaruzo ni shimo. Hakuna dawa inayorudisha plastiki iliyokwisha toka. Unachoweza kufanya ni kushusha sehemu yote iliyobaki hadi ifikie kimo cha shimo, na hapo ndipo balaa inapoanzia, kwa sababu umbo la uso wa lenzi ndilo linalobeba namba zako, yaani nguvu ya lenzi uliyopimiwa. Ukisugua sehemu moja, pale pale umetengeneza lenzi nyingine ndogo yenye namba isiyojulikana.

Halafu kuna matabaka. Lenzi ya plastiki ya kisasa ina tabaka gumu lenye unene wa mikroni chache tu, na juu yake AR, ambayo kwa jumla haifiki hata nusu mikroni. Unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Kwa hiyo ukisugua na kitu chochote chenye chenga, AR ndiyo inaondoka kwanza, na haiondoki sawasawa, ndiyo maana unabaki na mabaka yenye rangi za upinde wa mvua.

Jaribio la kujua kama lenzi imeshaharibiwa kwa kusuguliwa: shika miwani mbali na uso kwa urefu wa mkono, tazama nondo za dirisha kupitia lenzi moja, kisha ipandishe na kuishusha polepole. Nondo zikisogea kwa mpangilio, uso ni mzima. Zikijikunja ghafla mahali fulani, pale pameliwa, na hakuna wa kuparudisha.

Pasua Moshi
Shikamooni wakubwa. Dawa ya mswaki je? Na baking soda, na nta ya gari? Mtandaoni wanasema zinafanya kazi.

Fundi Lenzi
Marahaba. Twende moja moja.

Dawa ya mswaki ina chenga za kusugulia, mara nyingi kalsiamu kaboneti au silika. Zinatosha kabisa kula AR na kuchubua plastiki, lakini hazitoshi kufuta mkwaruzo wenye kina. Zile za kung'arisha meno ndizo kali zaidi. Mtu huona kama imesaidia kwa sababu kingo za mkwaruzo zimelainika na mwanga hautawanyiki kama awali, ila siku ya pili akiendesha usiku anakuta ukungu eneo zima.

Baking soda ni laini kuliko hizo, lakini kazi yake ni ile ile.

Nta ya gari haili lenzi, inajaza shimo tu. Ikiguswa na jasho inasambaa na kuacha utando wa mafuta unaovuta vumbi, na vumbi hilo ndilo linaloleta mikwaruzo mipya. Rangi ya kucha isiyo na rangi msithubutu. Vimumunyisho vyake vinashambulia polikaboneti, ile plastiki ya lenzi isiyovunjika upesi.

Mahali pekee ambapo kusugua kuna maana ni miwani ya jua ya plastiki isiyo na namba, isiyo na AR, na isiyo polaraizdi (yenye filamu ya kukata mng'ao). Chukua polishi ya plastiki kama ile ya taa za gari au kioo cha helmeti, kiasi cha punje ya harage, na pamba au fulana safi iliyolowa. Osha lenzi kwanza. Sugua kwa mduara, mkono mwepesi, dakika 1 hadi 2, ukipita lenzi nzima wala si pale penye mkwaruzo tu. Suuza, kausha, rudia jaribio la nondo. Ikiwa bado mkwaruzo unakwamisha kucha baada ya mizunguko miwili, acha.

Mkata Vito
Hapa mjini kuna meza nyingi za kukata na kung'arisha tanzanaiti, na watu hutuletea miwani wakiamini kinachong'arisha jiwe kitang'arisha lenzi. Nieleze kwa nini tunakataa.

Unga wa seriamu oksaidi unang'arisha kioo halisi na mawe ya jamii ya kwatzi kwa sababu hufanya kazi ya kikemia pamoja na ya kusugua, na kemia hiyo ni ya silika. Plastiki haina silika ya kushughulika nayo, kwa hiyo unaishia kuisugua bure na kuipasha moto. Aluminiamu oksaidi laini kweli inang'arisha plastiki, lakini gurudumu letu linatoa umbo bapa, na lenzi ni tufe. Ukiiweka pale unabadilisha namba ndani ya sekunde chache.

Lenzi za kioo halisi, ambazo bado zipo kwenye miwani ya zamani ya wazee, ni habari nyingine. Utazitambua kwa baridi yake ukigusisha shavuni na kwa mlio mkali ukiigonga kidogo kwa kucha. Zina uzito wa karibu mara mbili ya plastiki ya kawaida ya CR-39: gramu 2.5 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 1.3. Hazikwaruziki upesi, lakini msidhani haziguswi. Kwatzi ya kwenye mchanga ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kioo kiko karibu na 5.5. Na vumbi letu la volkano lina feldspa, yenye ugumu wa 6. Kama vumbi hilo linakwaruza kioo, plastiki haina pa kukimbilia.

Njia ya Karatu
Nashukuru kwa hilo la feldspa, maana ndilo tunalolala nalo sisi wa magari ya safari. Ukifungua paa la gari, ndani ya nusu saa lenzi zina utando unaoonekana kwa macho.

Kosa linalofanyika ni lile lile kila gari: mtu anapuliza pumzi kwenye lenzi na kufuta kwa pindo la shati. Pumzi haitoshi kuelesha chenga, inazigandisha tu kwenye kitambaa. Kila gari linabeba maji. Mwagia lenzi pande zote mbili kwa mkondo mwembamba, robo ya chupa ya nusu lita inatosha, miwani ikiwa imeinamishwa ili maji yateremke na mchanga. Kung'uta. Ndipo utumie kitambaa, na kwa kugandamiza, si kwa kusugua. Kama maji hayapo, ni afadhali kuvumilia vumbi hadi kituo kinachofuata kuliko kuifuta kavu.

La pili ni dawa ya mbu na mbung'o yenye DEET, kemikali ya kufukuza wadudu. DEET inayeyusha plastiki nyingi: fremu, polikaboneti, hata vioo vya saa vya plastiki. Ukijipaka, osha viganja kwa sabuni kabla ya kushika miwani. Usijipulizie usoni ukiwa umeivaa. Mafuta ya kujikinga na jua nayo huacha utando, na utando ukisuguliwa pamoja na vumbi matokeo mnayajua.

La tatu, dashibodi. Gari likiegeshwa juani geti la hifadhi, dashibodi hupita nyuzi 60 kwa urahisi. Plastiki ya lenzi inatanuka kuliko matabaka yaliyo juu yake, nayo yanapasuka. Huo ndio ule wavu wa nyufa aliouelezea mwanzisha mada. Weka kwenye begi, chini ya kiti, kivulini. Polaraizdi inaumia zaidi, maana ile filamu yake inaweza kuachana na lenzi.

Boda Sakina
Kwa wenzangu wa pikipiki: vua miwani kabla ya kuvua helmeti, na ivae baada ya helmeti kuingia. Ukivuta helmeti na miwani ikiwa usoni, sponji iliyojaa vumbi inapita juu ya lenzi na mikono ya fremu inatanuka. Mikono ikitanuka miwani inateleza, ikiteleza inaanguka, na mara nyingi inatangulia lenzi. Sponji za helmeti zinazotoka zifuliwe kila wiki msimu huu.

Optometria KCMC
Habari zenu. Swali tunaloulizwa sana ni lini mkwaruzo unahitaji lenzi mpya. Mkwaruzo hauharibu jicho. Unachofanya ni kutawanya mwanga, kwa hiyo ukubwa wake si hoja kama mahali ulipo. Mstari mrefu ukingoni unaweza kuachwa. Alama ndogo nyingi mbele ya mboni zinachosha macho, na usiku kwenye barabara ya Moshi–Arusha, taa za malori zinageuka miale. Dereva abadilishe mapema. Mtoto pia, kwa sababu mikwaruzo yenye kina inapunguza uwezo wa lenzi kuhimili kishindo.

Kubadilisha lenzi hakumaanishi kununua fremu. Peleka fremu yako, fundi akate lenzi mpya kwa umbo lile lile. Kama cheti cha vipimo kimepotea, lenzi za zamani zinasomeka kwenye lensomita (kifaa cha kusoma namba za lenzi) hata zikiwa zimekwaruzika, mradi katikati pawe panapitisha mwanga. Ila kama ulipimwa zamani, pima tena kwanza, usije ukagharamia namba zilizokwisha badilika. Hakikisha wanapima umbali wa mboni hadi mboni. Lenzi ya −4.00 ikikaa milimita 3 nje ya mahali pake, inaleta prizimu (mwanga kupindishwa upande) ya 1.2 kwenye jicho hilo, na hapo kichwa kitauma bila wewe kujua sababu.

Kuna njia moja ya kuokoa lenzi ghali iliyokwaruzika pembeni tu: kuikata upya iingie kwenye fremu ndogo zaidi. Inawezekana pale tu fremu mpya ni ndogo pande zote, na vitovu vya lenzi (pale katikati pa namba) bado vinaangukia mbele ya mboni. Muulize fundi apime kabla ya kuahidi.

Dukani, omba kuiona bahasha ya lenzi. UC maana yake haina tabaka. HC ina tabaka gumu. HMC ina tabaka gumu na AR. SHMC imeongezewa tabaka linalofukuza maji na mafuta, na hiyo ni nzuri kwa mazingira yetu kwa sababu vumbi linateleza na maji bila kusuguliwa. Polikaboneti ni imara kwa kishindo lakini laini kuliko CR-39, kwa hiyo bila tabaka gumu pande zote mbili usiichukue kabisa. Lenzi zinazobadilika rangi juani, nyingi zimebeba rangi hiyo kwenye uso wa mbele. Ukizisugua, unazifuta.

Mama Njiro
Naomba utaratibu wa kuosha kila siku, wa mtu wa nyumbani, wenye hatua. Watoto wawili hapa wanavaa.

Optometria KCMC
Mama, nawa mikono kwanza. Fungua bomba, maji ya kawaida au ya uvuguvugu, yasiwe ya moto. Suuza lenzi pande zote sekunde 10 bila kuzigusa. Weka tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, ile isiyo na losheni ya mikono, kwenye kila lenzi. Paka kwa ncha za vidole, pita na kwenye pedi za pua na mfereji wa fremu, maana huko ndiko jasho na vumbi hujificha. Suuza, kung'uta, kausha kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa au maikrofaiba. Ushike fremu upande wa lenzi unayoifuta, usishike mkono wa upande wa pili, utaipinda.

Usiiache ikauke yenyewe. Maji mengi ya kuzunguka Meru yana madini na yataacha yale madoa meupe. Yakishatokea, osha tena mara mbili kwa sabuni. Ndimu na siki viacheni jikoni. Jik, asetoni na dawa ya vioo yenye amonia visiguse lenzi yenye AR.

Tishu, kitenge kipya chenye wanga na kanga iliyoshinda begani navyo viepukwe.

Fundi Lenzi
Nimalizie na vitu viwili vinavyosahaulika.

Kitambaa cha maikrofaiba kinafuliwa kila wiki kwa sabuni ya kawaida, peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo. Ile dawa inaacha mafuta kwenye nyuzi na kitambaa kinaanza kupaka badala ya kufuta. Kianikwe ndani, upepo wa uani unakirudishia vumbi. Kesi nayo: kung'uta, futa ndani kwa kitambaa chenye unyevu, iache wazi ikauke. Kesi nyingi zinazoletwa mezani zina mchanga kwenye kona, halafu mwenyewe anashangaa lenzi zinakwaruzika zikiwa zimehifadhiwa.

Na skrubu za bawaba. Kila mwezi kaza kwa bisibisi ndogo ya milimita 1.4 hadi 2, robo mzunguko tu, ukisikia ugumu simama. Ikilegea mara kwa mara, itoe, gusisha tone dogo la rangi ya kucha kwenye nyuzi zake kwa kijiti cha meno, irudishe. Funika lenzi kwa karatasi wakati huo, na iache ikauke nusu saa kabla ya kukunja.